Waraka wa Kufika

Wananchi wa Tarime na Serengeti walitangaziwa siku ya Jumanne, saa nne kamili asubuhi, kwa kipaza sauti kilichoazimwa kanisani, kwamba pikipiki ya umeme ya Ofisi ya Masafa ikijazwa chaji inakwenda kilomita mia moja na ishirini. Si mia moja na kumi na tisa. Aliyetangaza ni Bwana Laurian, Mratibu Mkuu wa Masafa. Alipomaliza alisubiri makofi, na yalipokuja akasoma tangazo upya kwa faida ya wale ambao hawakusikia kwa sababu walikuwa wakipiga makofi.

Selestine alipiga mara zote mbili. Alikuwa Afisa Masafa Daraja la Pili, kijana wa Sumbawanga aliyeletwa Tarime kwa barua, na aliheshimu karatasi. Alilelewa na mjomba aliyekuwa karani wa mahakama, akafundishwa tangu utoto kwamba jambo lisiloandikwa halijatokea. Alikuwa na miezi kumi na moja kazini na bado hajathibitishwa, akiisubiri barua ya kuthibitishwa kama wakulima wanavyosubiri mvua.

Kilomita hizo zilitoka kwenye kipeperushi cha kiwanda. Kilikuwa na picha ya pikipiki ya kijani, na chini yake namba 120 kwa wino mnene. Pembeni mwa namba palikuwa na kinyota kidogo. Kinyota hicho kilikaliwa kikao cha saa mbili. Mjumbe mmoja alidai ni kinyesi cha nzi. Bwana Laurian, ambaye alishawahi kulala Dodoma kwenye hoteli zenye hadhi, aliwaelimisha kwamba nyota hutolewa kwa ubora, na kwamba kwa chombo kinachoanza, nyota moja si haba. Wajumbe walipokea ufafanuzi. Kipeperushi kikapunguzwa kidogo kwa chini ili kiingie vizuri kwenye plastiki ngumu, kikatundikwa ukutani juu ya meza ya Selestine.

Tatizo la Ofisi lilikuwa kwamba haikuwa na pa kwenda. Karibu kila kitu ilichotakiwa kusambaza kilikuwa palepale Tarime mjini, na kila aliyekihitaji alikifuata mwenyewe. "Masafa bila safari ni nadharia," alisema Bwana Laurian. Kwa hiyo dozi za chanjo ya kichaa cha mbwa, ambazo mradi ulikuwa ukizitunza mjini, zilihamishiwa kwenye friji jipya Mugumu, ng'ambo ya Mto Mara, ili pikipiki zipate mahali pa kutokea. Serengeti ikapata friji, Tarime ikapata safari, na pande zote mbili zikaandika barua za shukrani.

Safari ya kwanza ilipewa Gift, mwendeshaji mpole mwenye umbo la ufito, na ilikuwa kutoka Mugumu kwenda Itiryo, huko juu milimani. Haifiki kilomita themanini. Kwa hesabu ya kipeperushi angefika, na chaji ya kutembelea marafiki ingebaki. Pikipiki ilivuka mto, ikapandisha, ikafika Kerende kwenye mashine za kusaga mawe ya dhahabu, ikazima. Gift akapiga simu ofisini kusema imezima.

"Imezima?" Bwana Laurian alimuuliza Selestine, kana kwamba ni Selestine aliyeizima. "Chombo cha kilomita mia na ishirini kinazimaje kwenye hamsini?"

"Labda ni milima, mzee."

"Kwenye kipeperushi kuna mlima?"

"Hakuna, mzee."

"Basi tusiingize mambo yasiyokuwepo."

Ikaundwa kamati. Kamati ilimpima Gift ikamkuta na kilo hamsini na tatu akiwa na viatu, ikaona hapo ndipo penye uzembe. Akapigwa marufuku kula ugali siku ya safari.

"Bosi, kutoka Mugumu mpaka Itiryo bila ugali?" aliuliza Gift.

"Utakula ukifika."

Safari ya pili pikipiki ilizima hatua mia mbili mbele ya pale ilipozima mara ya kwanza, na Gift akalala chini kando yake kwa njaa. Hatua mia mbili ziliingizwa kwenye taarifa ya robo mwaka kama ongezeko.

Hapo ndipo Selestine alipopata wazo lake, na kwa haki ni lazima isemwe kuwa lilikuwa lake mwenyewe. Alilitoa kikaoni akiwa amesimama, mikono nyuma.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, kasoro haiko kwenye pikipiki. Iko kwenye neno. Tunasema imezima, imekwama, imeishiwa. Haya ni maneno ya gereji. Mimi nauliza, mtu akitoka kwake, akaenda, akasimama, na haendelei mbele, Kiswahili kinasemaje?"

Wajumbe walitafakari.

"Kinasema amefika," alisema Bwana Laurian polepole, na uso wake ukang'aa.

Ndivyo ulivyozaliwa Waraka Namba Saba, maarufu kama Waraka wa Kufika. Kifungu cha pili kilisema: pikipiki ya umeme itahesabika kuwa imefika mahali popote itakaposimama yenyewe. Kifungu cha tatu: mwendeshaji hatakiacha chombo kilichofika mpaka kifuatwe na gari la ufuatiliaji. Kifungu cha nne: mzigo wa mradi usibebwe na chombo chochote kitoacho moshi. Zikachapishwa fomu elfu kumi, zenye safu ya tarehe, safu ya mzigo, mahali pa sahihi ya mpokeaji, na safu moja tu ya matokeo, iliyoandikwa IMEFIKA. Kwa kuwa hapakuwa na safu nyingine, mafanikio yalipanda mwezi uleule hadi asilimia mia moja.

Gari la ufuatiliaji, lililokunywa dizeli kama ng'ombe wa kiangazi anywavyo maji, lilishinda barabarani kutwa likiokota pikipiki zilizofika. Na Selestine alithibitishwa kazini. Barua aliisoma mara tatu, akamtumia mjomba picha yake.

Alhamisi moja mama mmoja aliingia ofisini akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa wa makamo, amejifunga kitenge kiunoni, miguuni ana katambuga.

"Shikamoo, mama," alisema Selestine.

"Marahaba, mura, mwanangu. Mimi naitwa Wegesa, natoka Itiryo. Mume wangu Machage aliumwa na mbwa Jumatatu. Mbwa mwenyewe alikuwa anatoa mate, anatembea kama mlevi, vijana wakamuua. Muuguzi wetu Philomena alimwosha kidonda na sabuni, akaagiza sindano huko Mugumu. Jana akapigiwa simu, akaambiwa imefika. Nimekaa zahanati tangu hiyo simu mpaka alasiri. Sijaona sindano. Sasa nimekuja kuuliza."

Selestine alifurahi, maana lilikuwa swali lenye jibu. Akafungua daftari, akapitisha kidole. "Imefika, mama. Jana, saa tano na dakika kumi. Hii hapa."

"Imefika wapi?"

"Kerende."

Wegesa alimwangalia. "Mume wangu yuko Itiryo. Mkono wake uko Itiryo, na yeye mwenyewe ameubeba. Huko Kerende hiyo sindano inamchoma nani?"

"Mama, kufika ni dhana pana. Kwa mujibu wa waraka, chombo kikishasimama..."

"Kerende sehemu gani?"

"Kwa Mseti. Kwenye karasha lake, ile mashine ya kusaga mawe."

Mama yule akavuta kiti bila kukaribishwa, akakaa.

"Jana jioni nimeshuka na punda mpaka Kerende," alisema. "Nimelala kwa binamu yangu. Asubuhi nimemfunga punda nyuma ya karasha la Mseti, nimepanda gari mpaka hapa, nauli yangu mwenyewe, nije kuuliza sindano iko wapi. Sasa wewe unaniambia iko pale nilipomfunga punda."

Selestine alitazama daftari kutafuta namna ya kulijibu hilo. Daftari halikuwa na safu yake.

Wegesa alilivuta kwake akaanza kufunua kurasa, akisoma kwa kidole. Madawa ya ng'ombe wa Nikodemo, yamefika. Madaftari ya shule, yamefika. Makohozi ya wagonjwa kwenda kupimwa kifua kikuu, yamefika. Safari arobaini na moja, na zote zimefika, nyingi Kerende, nyingine Nyangoto, moja katikati ya daraja.

"Huyu Nikodemo ni jirani," alisema. "Ng'ombe wake wawili wamekufa wakisubiri dawa. Vitu vyenu vyote vimefika, mura. Lakini sisi hatujafikiwa."

Akainuka, akatazama kipeperushi ukutani. "Na hiyo nyota ya nini?"

"Ya ubora."

"Kwetu ukiona alama kwenye sikio la mbuzi, ujue mahali fulani yuko mwenyewe. Hiyo alama nayo ina mwenyewe. Mmemkata hapo chini." Akajifunga kitenge vizuri. "Njia ya mwongo ni fupi. Yenu inaishia kwa Mseti."

Kabla hajatoka, Selestine alimpa nakala ya fomu iliyogongwa muhuri, maana alitamani kumpa kitu na hicho ndicho alichokuwa nacho. Alipobaki peke yake aliona aibu, aibu ya kweli, ya kuchoma masikio. Akavuta droo ya chini, akatafuta kile kipande kilichokatwa kwenye kipeperushi, akakikuta kimefanywa alama ya kitabu. Kiliandikwa kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa: kinyota hicho maana yake ni mwendeshaji wa kilo hamsini, barabara ya lami isiyo na mwinuko, mwendo wa kilomita ishirini na tano kwa saa, bila upepo, bila mzigo, betri mpya. Alikisoma mara mbili. Kisha, kwa kuwa alikuwa ameshathibitishwa kazini, akakirudisha kwenye kitabu.

Wegesa alimkuta Gift ndani ya kibanda cha jenereta, upande wa pili wa karasha. Pikipiki ya umeme ilikuwa imechomekwa kwenye jenereta la dizeli la Mseti, ikichajiwa polepole, kazi ya siku mbili, katikati ya moshi mweusi, na Gift alikuwa amekikumbatia kijisanduku cha baridi, amesinzia. Hakuwa ameruhusiwa kukiacha chombo. Wegesa akasaini, akakifunga kijisanduku mgongoni mwa punda. Machage alichomwa sindano jioni ileile, barafu ikiwa imebaki ya kulowesha kidole. Siku zilizofuata alishuka mwenyewe kuzifuata dozi zake Kerende, akizikuta zimefika.

Taarifa iliyokwenda makao makuu ilieleza kwamba dozi ilisafirishwa kwa umeme na kukamilishwa kwa usafiri shirikishi usiotoa moshi. Makao makuu yalifurahi mno, yakaagiza ifanyike sherehe hukohuko Itiryo, mgeni rasmi awe Bwana Laurian, na Machage apigwe picha akiwa mzima.

Sherehe iliangukia siku ya kumi na moja tangu Machage achomwe ile ya kwanza. Bodaboda zote za petroli ziliombwa zikae mbali ili moshi usiharibu picha, na kwa kuwa ilikuwa siku ya mnada, zikaenda mnadani. Wananchi walifanyishwa mazoezi asubuhi: wakisikia neno "imefika" au "nimefika", wapige makofi. Walishika haraka. Bwana Laurian aliingia uwanja wa zahanati akiendesha pikipiki ya umeme, amevaa suti. Ukweli kamili, ambao Selestine aliujua kwa kuwa aliishikilia pikipiki hiyo nyuma ya gari kutoka Tarime, ni kwamba ilishushwa bondeni, ikafutwa vumbi, ikapandwa kwa hatua mia tatu za mwisho. Rabson, dereva wa gari la ufuatiliaji, alitumwa papo hapo kwenda Nyangoto, ambako pikipiki tatu zilikuwa zimefika tangu juzi.

"Ndugu wananchi," alianza Bwana Laurian, "wako watu walisema haitafika. Nawauliza leo, imefika, haikufika?"

Wananchi wakapiga makofi.

Mbwa alitokea upande wa choo. Hakuwa kwenye ratiba. Alikuja akiyumba, mate yananing'inia, akaupita umati wote uliokuwa ukimkwepa, akamng'ata mgeni rasmi kwenye shavu la mguu wa kulia, akaenda kufia kwenye shamba la mihogo. Bwana Laurian aliendelea na sentensi yake mpaka mwisho, kwa mazoea, ndipo akapiga kelele.

Philomena alimkalisha kwenye benchi akamwosha kidonda kwa maji na sabuni kwa robo saa nzima. Alikuwa muuguzi asiyejua kupamba maneno.

"Utapona, mzee, ila sindano isichelewe. Huu ugonjwa mtu akishaanza kuogopa maji, hapo hakuna dawa tena. Tunazika."

Bwana Laurian akaomba maji. Akaletewa kikombe, akanywa chote bila kupumua, akawatazama watu mmoja mmoja ili wawe mashahidi. Kisha akampigia simu Gift, aliyekuwa Mugumu zamu ya friji. "Lete dozi Itiryo. Sasa hivi."

"Chaji imejaa, bosi," alisema Gift. "Nakuja."

Wakasubiri. Simu ya Rabson haikupatikana. Ile pikipiki ya sherehe, ikikaguliwa, ilikutwa na chaji ya kuwasha taa. Mgeni rasmi alikunywa vikombe vingine vitatu. Ilipofika saa saba na robo simu yake ikaita, akaiweka kwenye sauti kubwa.

"Bosi," ilisema sauti ya Gift, "nimefika."

Wananchi wakapiga makofi kama walivyofundishwa.

"Mungu akubariki, kijana. Mbona sikuoni? Uko upande gani?"

"Kerende, bosi. Kwa Mseti."

Makofi yalikoma yenyewe. Selestine alitazama viatu vyake.

"Gift, nisikilize," alisema Bwana Laurian. "Nimesema Itiryo. Hapo hujafika."

"Fomu nimeshajaza, bosi. Haina sehemu ya kuandika kwamba sijafika."

"Basi iache pikipiki, panda na hicho kisanduku kwa miguu."

"Kifungu cha tatu, bosi. Nikiiacha nafukuzwa kazi. Umesaini mwenyewe."

"Huyo Mseti hana pikipiki ya petroli?"

"Anayo. Kifungu cha nne."

"Nakifuta kifungu cha nne!"

Gift alisita. "Kwa maandishi, bosi?"

Bwana Laurian alimgeukia Selestine. Selestine alijisikia vibaya, lakini alikuwa mtu wa karatasi hata kwenye msiba. "Waraka hufutwa kwa waraka, mzee," alisema kwa sauti ya chini. "Na muhuri uko Tarime."

Ndipo Wegesa aliposogea mbele. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, ile nakala yenye muhuri. Hakucheka. Machage, mumewe, mtu mrefu mwenye fimbo, alisimama nyuma yake.

"Shikamoo, mzee. Pole sana," alisema Wegesa. "Ila usiogope. Sindano yako imefika. Hata mimi siku ile niliambiwa hivyohivyo, nikapewa na karatasi. Kama utaihitaji nitakuachia."

Hakuna aliyepiga makofi.

"Mama," alisema Bwana Laurian, na kwa mara ya kwanza tangu atue Tarime sauti yake haikuwa na kipaza sauti ndani yake, "nitafika vipi?"

"Nina punda. Nikimtuma ashuke na apande, ni kesho. Bora mguu wako uifuate sindano. Sisi ndivyo tunavyofanya."

Punda hatoi moshi. Waraka haukuwa na neno naye. Mratibu Mkuu wa Masafa alipandishwa juu ya magunia mawili, tai ikiwa begani, Philomena mbele na mkoba wake, Wegesa ameshika kamba, Selestine nyuma na daftari. Waliteremka kilomita kumi na saba. Kila walipovuka kijito Bwana Laurian aliomba asimamishwe anywe, akanywa, akashukuru. Alipomaliza cha tatu aliuliza punda huyu huenda umbali gani kwa siku.

"Anakwenda mpaka nyumbani kwa mtu," alisema Wegesa.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama walipoingia kwa Mseti. Jenereta lilinguruma, wasaga mawe weupe kwa vumbi wakaacha kazi kutazama mtu mwenye suti juu ya punda. Gift alikuwa amesimama na kijisanduku kifuani na fomu juu yake.

"Sahihi kwanza, bosi. Hakifunguliwi kabla mpokeaji hajasaini."

Bwana Laurian alisoma fomu, fomu aliyoibuni yeye, akatafuta kwa kidole mahali pa kuandika jambo jingine. Hapakuwepo. Akasaini kwamba imefika. Philomena akamchoma palepale, amekaa juu ya jiwe la dhahabu la mtu mwingine.

"Hiyo ni ya kwanza," alisema muuguzi akifunga mkoba. "Ya pili ni siku ya tatu. Halafu ya saba na ya kumi na nne."

"Zitakuja kwa usafiri gani?"

Philomena alitazama pikipiki iliyochomekwa kwenye moshi.

Usafiri wa Mratibu Mkuu kwenda Mugumu kesho yake ulikuwa siri, kwa sababu ulifanyika juu ya lori la ng'ombe. Aliyaandikia makao makuu kwa simu akiwa humohumo, akiomba friji lirudishwe Tarime haraka, na jibu likamkuta Mugumu. Makao makuu yalimpongeza kwa mafanikio ya asilimia mia, hasa fomu ya Kerende yenye sahihi yake mwenyewe. Kuhusu friji, yalimkumbusha kwamba Mugumu haizidi kilomita tisini kutoka Tarime, na masafa rasmi ni mia na ishirini. Kwa kutambua mafanikio hayo, gari la ufuatiliaji limeondolewa kwake na kupelekwa mkoa wenye matatizo. Kuanzia sasa Mratibu Mkuu atasafiri kwa pikipiki ya umeme peke yake, na asionekane kwenye chombo cha mafuta, kwa heshima ya mradi.

Siku ya tatu Machage alifika Mugumu kwa bodaboda ya petroli, aliyoilipia mwenyewe, kuchukua sindano yake ya mwisho. Safari hii hakutaka kuagiza. Alimkuta Bwana Laurian kwenye benchi mbele ya friji, bila koti, chupa ya maji mkononi. Wauguzi walisema analinda hapo tangu juzi, na haruhusu mtu kulisogeza friji hata kwa kufagia. Selestine, aliyefuata kwa miguu na malori, alikuwa mlangoni na daftari lake. Katikati ya daftari palichungulia kipande chembamba cha karatasi yenye herufi ndogo. Alikuwa amekichukua Tarime kwenye ile droo, na asubuhi hiyo akamsomea bosi wake chote, neno kwa neno.

"Shikamoo, tata," alisema Machage, akimwita baba kwa lugha ya kwao.

"Marahaba."

Machage akaegemeza fimbo, akakaa kando yake. Walikaa muda mrefu, watu wawili wa mbwa wawili, wakisikiliza friji linavyonguruma. Nje, kwenye kivuli cha ukuta, pikipiki ya umeme iliyofutwa vumbi ilikuwa inasubiri, chaji imejaa.

"Na nyumbani Tarime unarudi lini?" aliuliza Machage.

Bwana Laurian aliitazama pikipiki. Akaipima barabara kwa macho, mpaka kule inapoanza kuteremka kwenda mtoni, na milima iliyo ng'ambo. Akanywa maji kidogo.

"Mimi," alisema, "nimefika."

Selestine akafungua daftari, akaandika.